Kutoka kamba hadi pamba: mwongozo kamili wa kutengeneza taulo za kike kwa nyuzi za mimea

Chukua kitita kidogo cha singa za mkonge ukidondoshe kwenye bakuli la maji. Kitaelea. Sasa dondosha pamba ya hospitali ya uzito uleule: inakunywa maji na kuzama kabla hujahesabu hadi kumi. Ajabu ni kwamba vyote viwili vimejengwa kwa kitu kilekile, selulosi, ambayo kwa asili hupenda maji. Ila selulosi ya pamba iko karibu peke yake, zaidi ya asilimia 90 ya uzi mkavu, wakati ya mkonge au mgomba imefungiwa ndani: juu kuna nta, katikati pektini inayogandisha nyuzi kama gundi, na humo ndani lignini, kitu kigumu kinachoufanya mmea usimame na kamba isikatike.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuivunja kamba. Anayedhani kwamba taulo ya kike ya mgomba ni kukata mgomba, kuanika na kushonea ndani ya kitambaa atapata kitu kinachochoma ngozi na kuvuja pembeni, na mwanamke akivujiwa mara moja hataigusa tena hata akipewa bure.

Wazo lenyewe lina umri. Pedi za Kotex zilipoingia sokoni mwaka 1920 zilikuwa nyuzi za miti zilizolainishwa, zilizobuniwa kwanza kufungia vidonda vya vita. Plastiki ilikuja baadaye. Nchini Uganda, Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alitengeneza MakaPads kwa mafunjo na karatasi taka. Rwanda, shirika la SHE lililoanzishwa na Elizabeth Scharpf lilichukua nyuzi za mgomba. Na mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiwa na mwenzao kutoka Kenya, walichapisha njia ya kuugeuza mkonge kuwa kiini kinachonyonya kuliko pamba iliyomo kwenye pedi za kawaida za dukani. Njia yao hutumia asidi ya fomiki pamoja na peroksaidi, mchanganyiko unaoweza kulipuka ukiukosea. Mimi siipendekezi nje ya maabara. Ninayoieleza hapa ni ya kale zaidi, ile ya watengeneza karatasi kwa mikono.

Kuchagua mmea

Mgomba ndio ningeanza nao. Huzaa mara moja tu, kisha shina lake hukatwa na kuachwa lioze, kwa hiyo hushindani na chakula cha mtu wala ardhi ya mtu. Nyuzi zake zina lignini kidogo, hivyo huiva haraka. Mkonge una nyuzi imara na hustahimili ukame, lakini uzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi: kilo 25 za majani zitakupa kilo moja ya singa. Makapi ya muwa yapo tele, ila lignini yake ni karibu robo ya uzito na nyuzi ni fupi. Mwachie mwenye mtambo wa presha. Mianzi vivyo hivyo.

Magugu maji yaache. Najua yanavutia, maana kila mtu anataka yaondoke ziwani, lakini mmea huo hufyonza metali nzito kutoka majini na kuzihifadhi mwilini mwake. Mabaki ya kamba za mkonge na magunia ya juti nayo usiyatumie hata kama ni safi machoni, kwa sababu viwandani nyuzi hizo hutiwa mafuta ili zisokoteke vizuri, na mafuta ni adui wa unyonyaji na wa ngozi pia.

Vifaa

Sufuria mbili za stenlesi au za enameli zisizochubuka. Sufuria ya alumini isikaribie kazi hii: kostiki soda huila na kutoa hewa ya haidrojeni, inayowaka moto. Sufuria yenye kutu nayo haifai, maana chuma huharibu peroksaidi kabla haijafanya kazi. Utahitaji pia mizani ya jikoni, kipimajoto, karatasi za kupima pH (kipimo cha uasidi au ualkali; 7 ni katikati), chujio, blenda utakayoitenga kwa kazi hii peke yake, sufuria ya presha, glavu ndefu za mpira na miwani ya kinga. Miwani si pambo. Tone la kostiki soda likiingia jichoni laweza kuondoka na jicho.

Dawa ni tatu: kostiki soda ile ya watengeneza sabuni, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa maduka ya dawa, na siki nyeupe.

Hatua ya kwanza: kutoa nyuzi

Shina la mgomba likatwe siku moja au mbili baada ya kuvuna mkungu. Likikaa zaidi, nyuzi hubadilika rangi na kuanza kuoza. Bandua maganda moja baada ya jingine. Ya nje kabisa ni makavu na yana uchafu. Ya katikati ya shina ni teke mno. Chukua yaliyo kati ya hayo. Yachane vipande vya upana wa vidole vinne, vilaze kwenye ubao, na kwa kisu butu kilichoinamishwa kwangua nyama yote ya maji itoke. Kisu kikali kitakukatia nyuzi. Vaa nguo usiyoionea uchungu, kwani utomvu wa mgomba ukishaingia kwenye nguo umehamia.

Mkonge huparurwa vilevile baada ya kupondwa kwa nyundo ya mti, isipokuwa maji yake huwasha vikali, basi glavu tangu mwanzo. Wenye mashine, ile inayoitwa korona, watamaliza kwa saa moja kazi ya siku nzima.

Suuza nyuzi papo hapo mpaka maji yatoke meupe, anika, kisha zikate vipande vya sentimita 2 hadi 3. Watu wengi huruka hatua ya kukata. Nyuzi ndefu zitajisokota kwenye blenda na kuiunguza mota.

Hatua ya pili: kupika

Hapa ndipo pedi inapopatikana au kukosekana, kwa hiyo twende polepole. Vipimo ni vya gramu 100 za nyuzi kavu.

Fanyia kazi nje, penye hewa. Pima lita 2 za maji baridi kwenye sufuria. Pima gramu 20 za kostiki soda, kisha uzimimine ndani ya maji kidogokidogo huku ukikoroga kwa mwiko wa mti. Soda huingia kwenye maji. Kamwe usimwagie maji juu ya soda, itachemka na kukurukia usoni. Maji yatapata moto yenyewe. Tia nyuzi, zizamishe zote, funika bila kukaza, na uchemshe taratibu. Mgomba huchukua saa 2 hadi 3, mkonge 3 hadi 4. Maji yakipungua ongeza ya moto.

Usifuate saa peke yake. Umri wa mmea, udongo na unene wa maganda hubadilisha mambo. Kila baada ya nusu saa toa uzi mmoja, uusuuze, uushike kwa ncha za vidole na kuupanua kwa mapana, si kuuvuta kwa urefu. Ukichanuka kama utando wa buibui, umeiva. Ukikatika kama kamba iliyokaza, rudisha. Ukiyeyuka vidoleni na kuwa uji, umepitiliza, na mara nyingine punguza muda. Maji kwa wakati huo yatakuwa na rangi ya chai kali. Hiyo rangi ndiyo lignini yako inaondoka.

Epua, acha ipoe, chuja. Suuza mara tano au sita, ukikamua kila mara, hadi karatasi ya pH ionyeshe 8 au chini yake. Nyuzi zitakuwa zimepungua, karibu gramu 60 hivi zikikauka. Usisikitike, kilichotoka ni kile kilichokuwa kimeifungia selulosi.

Yale maji meusi usiyamwage mtoni wala karibu na kisima. Yanaweza kutumika tena kwa mpiko mmoja zaidi ukiongeza nusu ya soda. Baadaye yapunguze ukali kwa siki hadi pH ifike karibu na 7, kisha yamwage kwenye shimo lenye mchanga na changarawe, mbali na maji ya kunywa.

Hatua ya tatu: kusafisha kwa peroksaidi

Nia si weupe. Pedi ya rangi ya krimu inafanya kazi sawa na nyeupe pee, na ningependa watumiaji wazoee hivyo. Tunachotaka ni kuondoa lignini na mafuta yaliyosalia, maana hatua hii ndiyo huwa inageuza nyuzi zinazolowa kwa kusitasita kuwa nyuzi zinazovuta maji.

Changanya lita 1.7 za maji na gramu 3 za kostiki soda, pasha hadi nyuzijoto 70, ongeza mililita 300 za ile peroksaidi ya asilimia 3, tia nyuzi na ukoroge mara kwa mara kwa saa moja bila kuruhusu ichemke. Itatoa mapovu; usiifunike kwa mfuniko wa kukaza. Kisha suuza vizuri, mara tatu, na baada ya hapo tu ndipo uloweke kwa dakika kumi katika maji yenye siki, vijiko viwili kwa lita. Siki isikutane na peroksaidi yenyewe, kwa sababu huzaliana asidi inayochoma macho na mapafu. Suuza kwa maji safi mpaka pH iwe karibu na 7.

Wapo wanaotumia dawa ya klorini ya kufulia. Ni rahisi na inang'arisha, lakini klorini ikikutana na lignini hutengeneza michanganyiko yenye klorini ambayo hutaki ikae saa nane kwenye ngozi laini kama ile, wala ibaki ardhini baadaye. Tena nyuzi ambazo zitarudi udongoni zikiwa na sumu zimekuja kufanya nini?

Hatua ya nne: kukausha bila kupata karatasi

Wengi hufika hapa salama, huutandaza ule utepetevu kwenye wavu juani, na jioni hukuta karatasi ngumu. Hawajakosea kupika. Selulosi ikikauka ikiwa imelaliana, nyuzi hushikana zenyewe kwa zenyewe bila gundi. Hivyo ndivyo karatasi hutengenezwa. Na zikishashikana hivyo, sehemu ya uwezo wa kunyonya hupotea hata ukizivunja baadaye.

Kamua maji yote unayoweza kwa kitambaa. Zikiwa bado na unyevu wa nguo iliyokamuliwa, zichambue kwa vidole kama unayechambua sufi ya mto. Anika kwenye kivuli chenye upepo, juu ya wavu safi, ukifunika kwa shashi kuzuia vumbi na nzi. Rudia kuchambua kila saa. Zikikauka kabisa, tia kiasi cha kiganja kwenye blenda kavu na bonyeza kwa mapigo mafupi ya sekunde mbili au tatu. Zitavimba na kuwa kama manyoya. Ukizidisha utapata vumbi, na vumbi halinyonyi, linapenya kitambaa na kuwasha. Vaa barakoa.

Hatua ya tano: kupima kabla ya kushona

Jaribio la kwanza ni tone. Weka tone moja juu ya kitita kilichoshikiliwa kidogo. Likibaki mviringo kama umande kwenye jani la yungiyungi, rudi hatua ya pili. Likitoweka papo hapo, endelea.

La pili ni kuzama. Kwa pamba ya hospitali, vitabu vya dawa vya Ulaya vinataka izame ndani ya sekunde 10 na ishike angalau gramu 23 za maji kwa kila gramu moja. Nyuzi zako hazitafika 23, na hazihitaji. Pima gramu 5, zizamishe, zitoe zining'inie dakika moja kwenye chujio, pima tena. Ukipata gramu 50 za maji, yaani kumi kwa moja, una kiini cha kazi.

La tatu ndilo la kweli: uzito juu yake. Mwanamke hukaa, hupanda ngazi, hulala upande. Weka kilo mbili juu ya zile nyuzi zilizolowa kwa dakika moja, kisha pima kilichobaki. Mara nyingi nusu imeondoka. Hesabu pedi yako kwa hiyo nusu iliyobaki, si kwa namba ya kwanza inayopendeza.

Tena maji ni mepesi kuliko damu ya hedhi, kwa hiyo yanakusifu kupita kiasi. Tengeneza maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita, uyaongezee glisarini mpaka yawe mazito kidogo, upime kwa hayo. Kwa kawaida mwanamke hutokwa na mililita 30 hadi 40 za damu katika hedhi nzima. Ikizidi 80 huhesabiwa kuwa nyingi. Pamoja na majimaji mengine, jumla huwa kubwa kuliko hapo. Pedi moja yenye gramu 7 au 8 za nyuzi inatosha mchana. Ya usiku ipe 10 au 12. Maana yake gramu 60 ulizovuna ni pedi nane hivi.

Hatua ya sita: kuunda pedi

Tandaza nyuzi sentimita 18 kwa 6, katikati pawe panene zaidi, kisha zikandamize kwa ubao mzito. Kiasi cha mkandamizo kina hila yake. Nyuzi zilizovimba sana hushika maji mengi lakini zikilowa hujikunja kuwa bonge, na damu hubaki pale ilipodondoka. Zilizobanwa kiasi hueneza damu hadi pembeni na mwisho wa pedi. Mimi hukandamiza mpaka unene ubaki sentimita moja.

Juu, upande wa ngozi, tumia shashi ya pamba, tabaka moja, iliyofuliwa kwa maji moto mara mbili kuondoa wanga wa kiwandani. Bila kufua, wanga huo utazuia damu isipite. Bila manukato, bila rangi.

Chini ndiko penye mtihani. Kitu kinachozuia maji na bado kinaoza: viwanda hutumia utando wa mahindi au miwa, ule wa PLA na jamaa zake. Utando wa wanga na glisarini unaotengenezwa jikoni hautafaa. Huyeyuka kwa maji, nami nimeona watu wakijivunia nao hadi siku ya kwanza ya kuutumia. Karatasi iliyotiwa nta ya nyuki huzuia vizuri kwa muda, lakini hupasuka penye mikunjo na hupiga kelele mtu akitembea. Na hata ukipata utando mzuri bado kuna gundi ya kushikilia kwenye chupi, ambayo karibu yote ni ya mafuta ya petroli.

Ushauri wangu kwa kikundi kidogo ni kuligawa tatizo mara mbili. Shona kishikio cha kitambaa chenye mabawa na kifungo, kikiwa na tabaka la ndani lisilopitisha maji, kinachofuliwa na kutumika miaka kadhaa. Ndani yake ingiza kiini cha nyuzi kilichofungwa kwa shashi tu, ambacho hutupwa kila baada ya kutumika. Gundi imeondoka, utando wa kutupa umeondoka, na kinachotupwa ni mmea mtupu. Kishikio kifuliwe kwa sabuni na kianikwe juani waziwazi. Kikifichwa chini ya nguo nyingine hakikauki.

Mshono upite nje ya kiini. Kila tundu la sindano katikati ya pedi ni njia, na uzi wenyewe ni utambi unaovuta damu kuipeleka chini.

Hatua ya saba: usafi

Eneo la mvua na eneo kavu yatengane. Anayechambua mgomba asiguse nyuzi zilizokwisha safishwa. Pedi zilizokamilika zifungwe kwenye kitambaa cha pamba, ziwekwe juu ya wavu ndani ya sufuria ya presha zisiguse maji, na zipigwe mvuke wa nyuzijoto 121 kwa dakika 20. Kisha zikauke kabisa kabla ya kufungwa. Pedi iliyofungwa na unyevu ni kitalu cha ukungu. Ukifungua pakiti ukasikia harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, tupa pakiti nzima.

Jaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono: funga kipande kilicholoweshwa kwa saa 24. Wekundu au mwasho ni dalili kwamba kuna soda iliyobaki au nyuzi hazijaiva. Na nyuzi hizi ni za kuvaa nje ya mwili tu. Usizikunje kuwa tamponi, hata kwa majaribio: nyuzi zinazobaki ndani na vijidudu vinavyoota juu yake vinaweza kuleta ugonjwa unaoua.

Ukitaka kuuza au kugawa shuleni, peleka sampuli kwenye maabara ipimwe vijidudu, pH na unyonyaji, kisha ufuate shirika la viwango la nchi yako. Mpishi mmoja hodari si ushahidi.

Je, inaoza kweli?

Neno "inaoza" limechakaa kwa kutumiwa ovyo. PLA, kwa mfano, huoza vizuri katika mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzijoto 60, lakini ikizikwa kwenye udongo wa kawaida hukaa miaka. Kipimo cha Ulaya, EN 13432, hutaka kifungashio kimeng'enywe asilimia 90 ndani ya miezi 6, tena katika hali hiyo ya joto. Kwa hiyo ukisoma maandishi kwenye pakiti, uliza: kinaoza wapi, na kwa muda gani?

Pima mwenyewe. Shona vipande sita vya kiini, vifunge kwenye mifuko ya wavu wa nailoni, uvizike sentimita 15 chini ya udongo wenye unyevu au ndani ya biwi la mboji. Fukua kimoja kila baada ya wiki mbili, kisuuze, kikaushe, kipime uzito na ukiandike. Nyuzi zilizopikwa vizuri huoza haraka kuliko mbichi, kwa sababu lignini ndiyo iliyokuwa inawazuia vijidudu, kama ilivyokuwa inazuia maji. Uzi wa kushonea ukiufukua ukiwa mzima wakati kila kitu kimeondoka, ujue ni wa poliesta. Badilisha utumie wa pamba.

Pedi iliyotumika isitupwe chooni cha kuvuta maji. Izikwe, au iingie katikati ya biwi la mboji lenye joto, mbali na kisima, na mboji hiyo ikae mwaka mzima kisha iende kwenye miti na maua, si kwenye mchicha.